WATOTO WETU NA WENZAO SHULENI: HESHIMA NI SEHEMU YA DINI

Somo la Ijumaa kwa wazazi, walimu wa chuo na vijana

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata njia yake mpaka siku ya mwisho.



Ninawausia ninyi na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Leo tunasoma juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo kwa sababu linatendwa na watoto wadogo: namna watoto wetu wa shule ya msingi wanavyoishi na wenzao wa kabila nyingine na wa dini nyingine. Jambo hili si dogo. Neno baya ambalo mtoto wa miaka 8 analitoa leo kwenye uwanja wa shule, kesho akiwa mtu mzima anaweza kulitoa akiwa ameshika panga au bunduki. Sisi watu wa mashariki ya Congo hatuhitaji kuelezwa hayo na mtu mwingine.

1. MAMBO YANAYOTENDEKA

Tangu mwezi wa Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, madarasa yamejaa. Kwenye benchi moja wanakaa watoto watatu, hata wanne. Hapa kwetu Maniema benchi hilo linaweza kuwa na Mkusu, Mrega, Mbangubangu na Msongola, na pengine mtoto ambaye wazazi wake walikimbia vita ya Kivu. Mmoja anakwenda chuo jioni, wa pili anakwenda katekisimo, wa tatu anasali kwa Wakimbangu, wa nne anasali kanisa la uamsho la avenyu yao. Wanaazimana biki. Wanagawana karanga. Hiyo ni neema.

Lakini sikilizeni pia maneno yao wakati wa mapumziko. Mtoto wa Kiislamu anamwambia mwenzake, "Usiniguse, wewe unakula nguruwe." Mwenzake anamjibu, "Na wewe mtoto wa Waarabu, babu zako waliuza watu." Mmoja anacheka msalaba ulio shingoni mwa mwenzake. Mwingine anavuta mtandio wa binti yetu na kumuuliza kama ana upara. Mtoto mgeni akitamka neno kwa lafudhi ya kwao, darasa zima linamwiga. Na yule ambaye sura yake au lugha ya nyumbani kwao inafanana na ya watu wanaotajwa kila siku kwenye habari za vita, anaitwa adui, anaambiwa arudi kwao, naye kwao ni hapa.

Mtoto huyo akifika nyumbani analia, au ananyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi. Wengine wanakataa kurudi shuleni, na mzazi anafikiri ni uvivu.

2. MANENO HAYO WATOTO WANAYATOA WAPI?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto anazaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaomwelekeza. Basi mtoto hazaliwi akijua kwamba kabila fulani ni wachawi, fulani ni wezi na fulani ni wachafu. Mtu amemwambia.

Amemsikia baba jioni, wakati wa kula bugali na sombe, akisema, "Wale watu ndivyo walivyo." Amemsikia mama akimkataza kula kwa jirani na kumpa sababu ya matusi. Mara nyingine, Mungu atusamehe, amesikia neno hilo chuoni, mwalimu akimfokea mwanafunzi, "Unafanya kama kafiri!" Mtoto anaweka maneno hayo moyoni kama anavyoweka herufi za alifu na bee. Siku ya ugomvi anayatoa.

Waswahili walisema: samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuitumia methali hii kwa mambo ya sala na adabu. Inafaa pia kwa ulimi. Mtoto wa darasa la kwanza bado ni mbichi. Akifika darasa la sita na kila mtu amekwisha kupewa jina la dharau kichwani mwake, kumkunja ni kazi ngumu.

3. MWENYEZI MUNGU NDIYE ALIYETUUMBA TOFAUTI

Baadhi yetu tunadhani kwamba tofauti za kabila na lugha ni bahati mbaya tu, au ni makosa ya wazungu waliochora mipaka. Qur'ani haisemi hivyo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anawaambia watu wote, wala si Waislamu peke yao, kwamba amewaumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akawafanya mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mbora wao mbele yake ni yule amchaye zaidi. Katika Suratur Rum, aya ya 22, anatufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi.

Fikirieni jambo hili. Kirega ni ishara ya Mungu. Kikusu ni ishara ya Mungu. Kinyarwanda, Kifulero, Mashi na Kinande ni ishara za Mungu. Basi mtoto anayemwiga mwenzake kwa kumdharau lugha yake, anacheka ishara ya Muumba wake bila kujua. Ni wajibu wetu kumjulisha.

Katika sura hiyo hiyo ya Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa mambo matatu ambayo ndiyo michezo ya kila siku shuleni: watu kuwadharau watu wengine, kutiana aibu, na kuitana kwa majina mabaya. Na tumepewa sababu: huenda wale wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Darasani tunaliona hilo. Yule mtoto anayechekwa kwa nguo yake iliyopasuka mara nyingi ndiye anayejua hesabu.

4. ABU DHARR NA BIBI SAFIYYA

Mtu asiseme, "Haya ni mambo ya watoto, yatapita." Mtume (S.A.W.) hakuyaacha yapite.

Abu Dharr (r.a.) alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusilimu. Siku moja aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake, kwa kuwa mama huyo hakuwa Mwarabu. Bukhari anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipopata habari alimwambia Abu Dharr kuwa bado ndani yake mna ujahili, yaani tabia ya zama za kabla ya Uislamu. Kisha akawafundisha kwamba watumishi wao ni ndugu zao, wawalishe wanachokula na wawavike wanachovaa. Abu Dharr alikuwa akisali, akifunga, amevumilia mateso kwa ajili ya dini. Hata hivyo, neno moja la kumdharau mtu kwa asili yake liliitwa ujahili. Je, sisi tunaosema neno hilo mara kumi kwa siku mbele ya watoto, tuitweje?

Bibi Safiyya (r.a.), mke wa Mtume, alitoka katika ukoo wa Kiyahudi. Tirmidhi anasimulia kwamba siku moja alisikia kuwa Bibi Hafsa amemwita binti wa Myahudi, akalia. Mtume (S.A.W.) alimkuta akilia, akamwuliza sababu. Alipoeleza, alimkumbusha kwamba yeye ni binti wa Nabii, maana ukoo wake unatoka kwa Nabii Harun, na ami yake ni Nabii, yaani Musa, na mume wake ni Nabii. Basi ana lipi la kuonewa fahari na mwenzake? Kisha akamwambia Bibi Hafsa amche Mungu.

Angalieni alivyofanya mambo mawili. Aliyetukanwa alimwinua, akamwonyesha heshima iliyo katika asili yake. Aliyetukana alimkanya, ijapokuwa ni mke wake na binti wa rafiki yake Umar. Mzazi anayetetea mtoto wake kila mara, hata akiwa ndiye aliyeanza matusi, hajafuata mwendo huu.

5. ANAYETUKANA MSALABA ANALETA TUSI JUU YA MTUME

Sasa tuje kwenye dini. Hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa. Wanauliza: tukiwafundisha watoto kuheshimu dini ya wengine, je, hatuwafundishi kwamba dini zote ni sawa?

Jibu liko katika Suratul An'am, aya ya 108. Waumini wanakatazwa wasiwatukane wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, ili wanaowaomba wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya ujuzi. Aya hii ilishuka Makka. Waliokuwa wakiabudiwa pale ni masanamu. Ikiwa tulikatazwa kuyatukana masanamu, tutawezaje kuruhusu mtoto wetu atukane wanayoyatukuza Wakristo, nao ni Watu wa Kitabu, wanamtaja Isa na Maryam (amani iwe juu yao), ambao sisi wenyewe hatuwi Waislamu bila ya kuwaheshimu?

Aya haikusema kwamba imani zote ni moja. Muislamu ana imani yake, naye anaijua. Aya imefunga mlango wa matusi, na imeeleza sababu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaielewa: ukitupa jiwe kwa jirani, litarudi kwenye paa lako. Mtoto anacheka msalaba saa nne, na saa nne na nusu mwenzake anamtukana Mtume Muhammad (S.A.W.). Nani aliyeleta tusi hilo? Mtume (S.A.W.) alisema kwamba katika madhambi makubwa ni mtu kuwalaani wazazi wake. Masahaba wakashangaa: mtu atawalaani vipi wazazi wake? Akaeleza kwamba mtu anamtukana baba wa mwenzake, naye anatukaniwa baba yake na mama yake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Basi mfundishe mtoto wako hivi: kama unampenda Mtume wako, linda ulimi wako, usimpe mtu sababu ya kumtukana.

Chuoni watoto wanauliza swali jingine gumu: "Mwalimu, rafiki yangu ni Mkristo, ananipa mandazi yake kila siku. Je, ataingia motoni?" Mwalimu asimfokee mtoto, wala asimpe mtoto wa miaka 9 kazi ya hakimu. Amwambie: hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, naye hamdhulumu mtu hata uzito wa chembe. Kazi yako wewe ni kushika dini yako, kuwa mkweli kwake, kumlipa wema kwa wema na kumwombea uongofu na heri. Katika Suratul Mumtahana, aya ya 8, Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Rafiki anayekupa mandazi hakukupiga vita.

6. MWENDO WA MTUME NA MASAHABA

Mifano ni mingi. Tutaje minne.

Kwanza, kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (S.A.W.) aliugua. Mtume alikwenda kumtazama nyumbani kwao, akakaa karibu na kichwa chake, akamwita katika Uislamu kwa upole, mbele ya baba yake. Kijana alimtazama baba, baba akamruhusu, akasilimu (Bukhari). Hakuna matusi hapo, hakuna kumficha baba, hakuna nguvu. Mwaliko wa dini ulipita katika mlango wa wema.

Pili, jeneza lilipita mbele ya Mtume (S.A.W.), akasimama. Akaambiwa kwamba ni jeneza la Myahudi. Akauliza kama hiyo si nafsi (Bukhari na Muslim). Basi mwanafunzi mwenzetu wa dini nyingine akifiwa, mtoto wetu aende na darasa kumpa pole.

Tatu, Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, akauliza mara kwa mara kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama, kwa sababu ya mausia ya Mtume juu ya jirani (Abu Dawud na Tirmidhi). Mtoto wa benchi moja na wako ni jirani wa mtoto wako kwa saa tano kila siku.

Nne, mnamo mwaka 615 Waislamu wa Makka walipoteswa, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Uhabeshi, nchi ya Afrika yenye mfalme Mkristo ambaye hakuwa akidhulumu watu. Makuraishi walituma wajumbe ili warudishwe, mfalme akakataa kuwatoa. Waislamu wa kwanza waliokimbia kwao kwa ajili ya dini walihifadhiwa na Mkristo mweusi. Mtoto wetu aijue habari hii kabla ya kufungua kinywa chake juu ya Mkristo.

7. NA WANAPOTUDHARAU SISI?

Tuseme ukweli wote. Watoto wetu pia wanadharauliwa, na sababu zake ni za zamani.

Mwaka 1906 Dola Huru ya Congo ilifanya mkataba na Vatikano, misioni za Kikatoliki zikapewa ardhi na kazi ya kufundisha. Kwa miaka mingi kusoma kulikuwa kusoma kwenye misioni. Wazee wetu wengi waliogopa kwamba mtoto akienda huko atarudi na jina jipya la ubatizo, wakamweka chuoni tu. Shule za serikali zisizo za misioni kwa watoto wa Kiafrika zilianza kufunguliwa mwaka 1954, wakati wa waziri Buisseret. Mwaka 1977 serikali ya Zaire ilifanya mapatano na makanisa juu ya kuongoza shule, na baadaye Waislamu nao wakapata shule zao za mapatano. Ndiyo maana tulichelewa, na ndiyo maana hatuna ruhusa ya kuchelewa tena. Mzazi asimwondoe mtoto shuleni kwa sababu amechekwa. Amfuate, azungumze na mwalimu.

Mtoto akiitwa "mtoto wa Waarabu wauza watu", asijibu kwa ngumi, wala tusimfundishe uongo. Biashara ya pembe na ya watumwa ilikuwapo. Misafara ya Tippu Tip na wenzake ilifika Nyangwe na Kasongo, ikachukua watu kwa nguvu. Huo ni udhulumu, na udhulumu hauwi mzuri kwa kuwa mwenye kuutenda alikuwa akisali. Vita ya Dola Huru ya Congo juu yao ilikuwa 1892 mpaka 1894. Lakini Waislamu wa Maniema wa leo ni watoto wa ardhi hii, na wengi wana mababu waliotekwa, si walioteka. Katika parseli moja utamkuta kaka ni Muislamu na dada ni Mkatoliki, tumbo moja, kabila moja. Mtoto ajibu tu: "Mimi ni Mcongomani kama wewe, na ubaya wa zamani siubebi mimi wala huubebi wewe." Huo ndio ufahamu wa aya ya 164 ya Suratul An'am: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Na aya hiyo hiyo, ndugu zangu, tuitumie pia kwa yule mtoto anayeitwa adui kwa sababu ya vita. Mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na Februari 2025 Bukavu. Familia nyingi ziliacha nyumba zao, nyingine zilizika watu wao. Uchungu huo ni wa haki. Lakini mtoto wa darasa la tatu hakuanzisha vita, hakuvuka mpaka na bunduki, hakuitia saini karatasi yoyote. Kumtesa yeye hakumrudishii mtu nyumba yake. Mtu akitaka kulipiza kisasi kwa mtoto, ajue kwamba Mwenyezi Mungu ni wakili wa huyo mtoto.

8. MAMBO YA KUFANYA

a) Nyumbani. Lindeni maneno yenu wakati wa kula. Ukitaka kulaumu mtu, mlaumu kwa tendo lake na kwa jina lake; usilaumu kabila lake lote. Mtoto akileta neno la dharau kutoka nje, usicheke. Kicheko cha mzazi ni ruhusa.

b) Chakula. Fundisheni halali na haramu kwa wazi, pamoja na namna ya kusema. Mtoto akipewa asichokula, aseme: "Asante, dini yangu hainiruhusu." Hayo yanatosha. Asizibe pua, asiteme mate. Na akiwa na pilau ya Idi, ampelekee mwenzake. Wakati wa Ramadhani asiwakasirikie wanaokula mbele yake. Mtoto ambaye hajabalehe hajafaradhishiwa kufunga, basi wao hawakumkosea.

c) Sala za shuleni. Mtoto wetu akiwa katika shule ya Wakatoliki au Waprotestanti, na wenzake wakisali, asimame kwa utulivu. Halazimiki kusema maneno yasiyo ya imani yake, wala haruhusiwi kucheka. Kama kuna shida juu ya sala, juu ya mtandio au juu ya somo la dini, baba na mama waende pamoja kwa mkurugenzi wa shule, kwa salamu na kwa sauti ya chini. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 ina msaada: kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi katika elimu kwa sababu ya dini au kabila, kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na kifungu cha 45 kinaruhusu shule za taifa kushirikiana na wakubwa wa dini ili watoto wapate mafundisho ya imani yao wazazi wakiomba. Haki ikiombwa kwa adabu inasikilizwa zaidi.

d) Shule zetu za Kiislamu. Ndani yake wanasoma watoto wa Kikristo pia, na walimu wengine ni Wakristo. Tunalotaka watoto wetu watendewe kule, tuwatendee wao hapa. Mtoto wa Kikristo asilazimishwe maneno ya imani yetu, asichekwe kwa jina lake. Mkristo akitoka katika shule yetu baada ya miaka 6 akasema, "Waislamu walinitendea haki," hiyo ni daawa kubwa kuliko hotuba nyingi.

e) Walimu wa chuo. Mtume (S.A.W.) alimwona Umar bin Abi Salama, mtoto aliyekuwa akilelewa nyumbani kwake, mkono wake ukizunguka kila upande wa sahani. Hakumpiga wala kumwita jina baya. Alimfundisha ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar akasema baadaye kwamba tangu siku hiyo alikula hivyo. Neno la upole lilimkaa maisha yake yote. Fimbo na matusi vinatoa wanafunzi wenye fimbo na matusi.

f) Mtoto aliyekosa. Akimtukana mwenzake, mzazi ampeleke mwenyewe aombe msamaha, na kama inawezekana mbele ya wazazi wa yule mwingine. Safari hiyo ya dakika kumi inaponya avenyu nzima.

9. HOFU YA MWISHO

Mzazi mmoja atasema: nikimwachia mtoto acheze na wote, dini itatoka moyoni mwake. Ndugu yangu, mtoto hapotezi dini kwa kugawana karanga na Mkristo. Anaipoteza kwa kutofundishwa. Mtoto anayejua sala yake, anayejua kwa nini anasali, na anayemwona baba yake mkweli sokoni, atakaa na watu wa kila namna na atarudi nyumbani Muislamu. Yule aliyepewa dharau peke yake badala ya elimu, siku atakapokutana na Mkristo mwema kuliko yeye, hatajua la kusema. Basi wapelekeni chuo, wapelekeni shule, na wapeni adabu ya kutembea katikati ya vyote viwili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI BAADA YA SALA

1. Mtoto wangu anakaa benchi moja na nani? Ninajua majina yao na kwao ni wapi?
2. Ni jina gani la dharau juu ya kabila au dini nyingine linalotajwa katika nyumba hii? Nani atakuwa wa kwanza kuliacha?
3. Mtoto aliyechekwa kwa mtandio au kwa jina lake tumemjibu nini? Tumemwinua kama alivyoinuliwa Bibi Safiyya?
4. Juma hili, ni mtoto gani mgeni darasani ambaye wetu anaweza kumkaribisha mchezoni?

DUA

Ewe Mola wetu, zisafishe ndimi zetu na uzilainishe nyoyo zetu. Wajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na tabia njema. Walinde watoto wote wa nchi hii, wetu na wa jirani zetu, na vita, njaa na maradhi. Warudishe waliokimbia kwao kwa salama. Uwarehemu waliokufa. Utupe amani Congo, mashariki yake na magharibi yake. Amina.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Imam na mwalimu wa chuo

Tafadhali: karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume wake. Usiifungie karanga, usiitupe njiani. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.